Bushi za Land Cruiser 79 ya safari: mpira wa OG (wa Toyota yenyewe) au poli (plastiki ngumu ya polyurethane)? Gari iko juu ya mawe, naomba ushauri kabla sijafunga

VumbiLaNaabi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Gari ni Land Cruiser 79, injini 1HZ, bodi imerefushwa ya safari, viti saba na paa la kufungua. Mbele springi za koili, nyuma pati (springi za bamba), na pati za nyuma niliongeza moja kila upande. Gari hii lami inaigusa kidogo sana. Ikitoka Karatu inapanda geti la Loduare, inazunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, inashuka upande wa Olduvai mpaka Naabi, geti la Serengeti, inakaa Ndutu au Seronera siku kadhaa, inarudi. Ndani kuna abiria, mabegi, friji, tairi mbili za akiba na matangi mawili ya mafuta. Waliopita njia ile kiangazi wanayajua yale mawimbi yake.

Ilianza na mlio, "tok" moja nzito kila nikikanyaga breki, na nyingine nikiachia. Baadaye usukani. Nikiwa kwenye 60 hivi, tairi moja ikidondoka kwenye shimo, mbele kote kunatetemeka kama kitu kinataka kung'oka, na hakutulii mpaka nishuke karibu na kusimama. Nikabadilisha shokapu ya usukani. Ikatulia kama wiki mbili, kisha ikarudi ikiwa mbaya zaidi, safari hii nina wageni ndani. Mama mmoja alishika kile chuma cha mbele yake kwa mikono miwili, hakukiachia mpaka getini. Sitaki tena kuona sura ile kwenye kioo changu.

Jana tumechomoa bushi, vile viungio vya mpira kati ya ekseli na chesisi. Bushi ya panadi (ile fimbo inayozuia ekseli isihame pembeni) upande wa chesisi, bomba la ndani limehama kutoka katikati, limeegemea upande mmoja, na mpira umechanika mduara mzima. Ukilisukuma kwa kidole linacheza. Bushi za mikono ya mbele (vile vyuma virefu vinavyoiunga ekseli na chesisi) zilizo kwenye ekseli, mbili kati ya nne zimepasuka, moja imetoa mpira nje kama ulimi. Bushi za sheko za nyuma, vile viungo vinavyoning'iniza ncha ya pati kwenye chesisi, zimelika upande wa juu.

Sasa nimegawanyika. Duka moja hapa Arusha lina seti kamili ya poli, na fundi ananiambia funga poli gari nzima, hutazikumbuka tena. Dereva mwenzangu ananikataza kabisa, anasema alifunga na baada ya misimu miwili mabano ya mikono yakaanza kupasuka. Kuna pia za mpira za kopi, bei ndogo sana. OG ya Toyota ipo ila ni ghali, na nahitaji nyingi.

Safari ni Alhamisi ijayo. Nisaidieni.

KitiChaNyuma

Mkuu mimi nina poli kwenye Prado mwaka wa tatu huu. Gari imekaza, kona haiyumbi, sijagusa tena. Funga poli ulale.

FunguKumiNaTisa

Mkuu VumbiLaNaabi, pole, na hongera kwa kusimamisha gari kabla haijakusimamisha yenyewe.

Nafanya kazi za chini ya gari, zaidi Land Cruiser za pati na koili. Kabla ya kuchagua mpira au poli naomba majibu ya mambo matatu. Gari limenyanyuliwa? Matundu ya bolti ya panadi, kwenye bano la chesisi na kwenye ekseli, bado ni mviringo au yamekuwa kama yai? Na bushi hizi zilizokufa zilifungwa lini, gari likiwa juu ya jeki au likiwa chini?

Hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Bushi nyingi nilizozitoa zikiwa zimechanika mapema, aliyeziua ni aliyekaza bolti.

Bushi ya mpira haizunguki. Bomba la nje limebanwa ndani ya mkono, bomba la ndani limebanwa na bolti kwenye bano, na mpira katikati umegandishwa kwenye mabomba yote mawili. Mkono ukipanda na kushuka, kinachofanya kazi ni mpira kujinyonga na kurudi. Sasa fundi ameinua gari, ekseli inaning'inia, anaingiza bolti na kukaza mpaka mwisho hapo hapo. Akishusha jeki, mpira umeshajinyonga hata kabla gari halijatoka gereji. Kila wimbi la barabara linaongeza juu ya ule msokoto wa kwanza. Bushi ya OG ya kufa miaka inakufa miezi.

Ingiza bolti zote, kaza kwa mkono tu. Shusha gari lisimame kwa miguu yake, na uzito wake wa kazi, matangi yamejaa, friji ndani, tairi za akiba mahali pake. Lisukume mbele na nyuma mara kadhaa likae sawa. Ndipo uingie chini na spana ukaze. Ni kazi ya kulala kwenye vumbi na mafundi wengi hawaipendi, ila usiondoke pale mpaka imefanyika mbele ya macho yako.

VumbiLaNaabi

Asante sana fundi. Gari imenyanyuliwa kama inchi mbili, springi za mbele ni ndefu na ngumu kuliko za kiwandani. Matundu: la ekseli liko sawa, la bano la chesisi limeanza kurefuka, ukiingiza bolti mpya kuna nafasi ya ukucha. Zilifungwa miaka miwili iliyopita. Nilikuwepo, na nakumbuka vizuri gari ilikuwa juu ya jeki na fundi akakaza kwa bomba refu. Nilimsifu kwa nguvu zake.

TairiYaAkiba

Naongezea jinsi ya kupima panadi bila kufungua kitu, maana wengi wanakimbilia shokapu ya usukani kama alivyofanya mkuu. Gari liwe chini, injini inawaka, mwenzako azungushe usukani kushoto kulia haraka haraka, kidogo tu, wewe uko chini unatazama ncha mbili za panadi. Fimbo na bano lake vinatakiwa viende pamoja. Ukiona fimbo inatangulia na bano linafuata, bushi imekwisha au tundu limekwisha. Ile shokapu ya usukani inaficha tu mtetemo. Ndiyo maana kwako ilitulia wiki mbili.

Mikono ya mbele pima kwa mtaimbo, ingiza kati ya mkono na bano, sukuma taratibu. Mpira kutikisika kidogo ni kawaida, chuma kugusa chuma siyo.

MtuWaDefender

Ninaendesha Defender 110 kambi moja upande wa Natron. Mfumo wa mbele unafanana na wa mkuu: ekseli nzima (chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi), koili, mikono miwili, panadi. Niliwahi kufunga poli ngumu gari nzima, naeleza kilichotokea.

Siku za kwanza nilifurahi. Usukani ulikuwa mkali, ukigusa unajibu. Nikaenda kwenye korongo, tairi la kulia limepanda jiwe, la kushoto liko shimoni. Zamani hapo ekseli ilijipinda yenyewe na tairi zote nne zinagusa. Safari hii tairi la kushoto likabaki hewani. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena, hivyo hivyo.

Sababu yake: kila mkono umeshika ekseli kwa bushi mbili, moja mbele na moja nyuma ya ekseli. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, mikono inajaribu kuizungusha ekseli kila mmoja kwa pembe yake. Chuma cha ekseli hakikubali kujinyonga, kwa hiyo tofauti yote inabebwa na zile bushi. Mpira unakubali. Poli ngumu haikubali, na ekseli nzima inageuka kuwa stabilaiza nene, kama ile fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Nguvu ambayo mpira ungeimeza inaishia kwenye mabano na viungio vya kulehemu. Yule dereva mwenzako hakukudanganya kuhusu nyufa.

Nilirudisha mpira kwenye mikono. Kwenye panadi poli ipo mpaka leo.

KitiChaNyuma

Kumbe ni suala la ekseli. Prado yangu mbele haina ekseli nzima na inakaa Dar, haijawahi kuona korongo. Nimejifunza, nafuta ushauri wangu wa gari nzima.

FunguKumiNaTisa

KitiChaNyuma, hujakosea kwa gari lako. Kwenye lami, poli inaleta utulivu wa kweli.

Sasa VumbiLaNaabi, kwa kuwa majibu yako nimeyaona, nitakwambia ningefunga nini kama gari lingekuwa langu na njia ni hiyo hiyo.

Mikono ya mbele: mpira, wa OG, bila mjadala. Ziko sita kwa jumla, kila mkono mbili kwenye ekseli na moja kwenye chesisi. Badilisha zote sita. Usiweke mbili mpya na kuacha nne zilizochoka, kwa sababu mpya zitabeba kazi ya wenzao. Alichoeleza MtuWaDefender kinatosha.

Panadi: hapa panaruhusu poli. Fimbo inapanda na kushuka kwa ncha zake, kujipinda ni kidogo, na unachotaka ni ekseli isihame pembeni hata kidogo. Lakini kwako bado ningeweka mpira, na sababu ni vumbi. Poli haijagandishwa kwenye bomba la ndani, inazunguka juu yake, ndiyo maana inafungwa na grisi. Udongo wa kule juu ni majivu ya volkano, mwembamba kama poda. Unaingia kwenye ile nafasi, unachanganyika na grisi, na kuanzia hapo una dawa ya kusagia valvu ndani ya kiungo chako. Nimetoa poli za magari ya Ngorongoro ambazo zenyewe zilikuwa nzima kabisa ila bomba la chuma la ndani limelika mpaka lina kiuno.

Mpira uliogandishwa hauna mahali pa vumbi kuingia. Adui zake ni mafuta, dizeli na jua, na hasa kukazwa vibaya.

Sheko za nyuma ni habari nyingine. Pale kiungo kinazunguka mhimili mmoja tu, kinabeba uzito wote wa mizigo, na wewe umeongeza pati. Bushi zake ni zile za vipande viwili vinavyokutana katikati ya jicho, lile tundu la ncha ya pati. Mpira pale unakandamizwa mpaka unakuwa mwembamba upande wa juu, kama ulivyoona. Poli inavumilia zaidi mgandamizo huo. Sharti langu ni uweke pini zenye tundu la grisi. Ukirudi kila safari unapiga grisi mpya mpaka ile chafu itoke na vumbi lake. Bila pini hizo baki na mpira. Jicho la mbele la pati, lisilo na sheko, mimi naweka mpira, kwa sababu ndilo linaloishika ekseli na linapokea mshtuko wote wa mawimbi.

Bushi za stabilaiza weka poli, hakuna hasara.

Kabla ya hayo yote, lile tundu la bano. Bushi mpya ya aina yoyote kwenye tundu la yai ni pesa umemwaga. Lichongwe, liwekewe washa nene za kulehemu zenye tundu kamili la bolti, pande zote mbili, na alehemu mtu anayejua kwamba ile ni chesisi. Bolti iwe mpya na ya daraja lake, usichukue ya boksi la mabaki.

MiraaExpress

Salamu kutoka Isiolo. Huku kwetu ukikosa spea unachongewa. Nimetumia bushi za tairi la lori zilizokatwa na mafundi wa jua kali, na nimetumia za nailoni ya kuchonga kwa mashine. Niseme ukweli wangu: zile za tairi zilinifikisha Marsabit na kunirudisha, na nilimshukuru sana aliyezikata. Lakini tairi lina nyuzi ndani, halijinyongi sawasawa, na halijashikana na chuma, kwa hiyo linajisaga. Nailoni kwenye sheko ilidumu, ila kwenye mkono wa mbele ilipasua bano baada ya muda mfupi. Kama wewe una duka karibu na siku chache mkononi, hizo ziwe za kukutoa porini tu.

VumbiLaNaabi

Wakuu, hii ni shule. Maswali mawili. Kuna anayeuza bushi za mikono zenye tundu la pembeni badala ya katikati, anasema kwa kuwa gari imenyanyuliwa ninazihitaji. Ni kweli au anataka kuuza? La pili, nitajuaje OG si ya kuchapishwa boksi?

TairiYaAkiba

La kwanza ni kweli kwa kiasi. Gari linaponyanyuka, mikono ya mbele inainama na kuizungusha ekseli mbele kidogo. Ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona, mafundi wa alaimenti wanaiita kasta, inapungua. Dalili yake ni gari kutangatanga kwenye mwendo, na ukikata kona usukani unakuwa mvivu kurudi. Tundu la pembeni linairudisha ekseli nyuma. Tatizo ni kwamba tundu likienda pembeni, upande mmoja wa mpira unakuwa mwembamba, na nyingi za aina hiyo ni poli ngumu. Kwa inchi mbili na mzigo wako wa kila siku, pima kwanza kwenye mashine ya alaimenti gari ikiwa imebeba. Ukikuta kasta imepotea kweli, zipo sahani za kuhamisha mkono kwenye bano, na kwa njia hiyo unabaki na bushi nzima ya mpira.

FunguKumiNaTisa

Naunga mkono. Na mara nyingi gari la mzigo lililonyanyuliwa inchi mbili, ukilijaza, limeshuka karibu na palepale lilipokuwa.

Kuhusu OG: boksi usiliamini, shika bushi yenyewe. Tazama mahali mpira unapokutana na chuma. Iliyogandishwa vizuri haina mstari wa nafasi, ukisukuma kwa ncha ya bisibisi haiachii. Niliwahi kununua bushi moja yenye boksi zuri, nikaigonga bomba la ndani kwa nyundo ndogo mezani, likatoka peke yake kama kizibo. Ile ilikuwa imesukumwa tu kwa nguvu, gundi hakuna. Tangu siku hiyo nagonga kila bushi kabla ya kulipa, na muuzaji anayekataa naondoka. Angalia pia mpira usiwe na nyufa ndogo ndogo za kukaa rafu miaka. Na beba ya zamani mfukoni, linganisha urefu wa bomba la ndani. Likiwa fupi kwa milimita mbili tu, bano linabana mkono wenyewe badala ya bomba.

Zipo za mpira zisizo na nembo ya Toyota ambazo ni nzuri, RBI ya Thailand nimeifunga mara nyingi na zimefanya kazi. Ila za mikono, kwa gari lenye watu saba, mimi nabaki na OG.

Kutoa zile za zamani, wasikuchomee mpira kwa gesi. Moshi wake ni sumu, na mkono ukipata moto mkali chuma kinabadilika. Tafuta presi, mashine ya kuzisukuma nje. Bomba la nje likigoma, unapitisha msumeno wa chuma ndani yake taratibu mpaka likatike upande mmoja bila kugusa mkono, kisha linagongwa linatoka. Na kabla ya kutoa piga alama ya rangi kwenye mkono: bushi nyingine zina matundu ndani ya mpira, na upande yanapoelekea ndiyo ulaini wake. Ukigeuza robo duara umebadilisha tabia ya gari.

VumbiLaNaabi

Mrejesho, wakuu. Nimerudi jana jioni.

Nilifunga OG sita kwenye mikono, OG mbili panadi, mpira macho ya mbele ya pati, poli kwenye sheko na pini za grisi, poli stabilaiza. Bano limelehemiwa washa pande zote. Ilibidi niuze redio ya upepo niliyokuwa nimeitunza ili OG zitimie. Presi tulipata gereji ya jirani, bushi nne zilitoka kwa kelele kama risasi, mbili zilikatwa kwa msumeno, moja ilichukua saa nzima.

Siku ya kukaza tulijaza matangi, tukapakia friji, tairi mbili, na magunia ya mchanga kwenye viti badala ya wageni. Tuliisukuma mbele na nyuma uani. Fundi aliingia chini na mimi nikaingia upande wa pili kushika tochi. Jambo moja liliniingia hapo: mkono wa kulia, gari ilipokuwa juu, nilikuwa nimechora mstari wa chaki kutoka bushi hadi bano. Baada ya kushusha, mistari miwili ilikuwa imeachana upana wa kidole. Upana wa kidole! Huo ndio msokoto niliokuwa nikiuendesha miaka miwili.

Alaimenti ikiwa imebeba: kasta imo ndani ya kipimo, sikununua za tundu la pembeni.

Njia ya Olduvai ilikuwa mbaya kama kawaida. Pale pale pa shimo la siku ile, kabla ya kona, niliingia kwa 50 mikono imekaza usukani nikisubiri. Tairi lilidondoka, likapanda, basi. Breki hazina "tok". Wageni walikuwa wanaongea nyuma, hakuna aliyenyamaza.

Sheko ya kushoto imeanza kulia kidogo, "nyii, nyii", polepole kwenye matuta. Ni grisi?

FunguKumiNaTisa

Hongera sana kaka. Ndiyo, ni grisi. Nyanyua chesisi mpaka sheko ipumue, piga grisi mpaka uone safi inatoka pande zote mbili, futa ya nje yote isishike vumbi. Mimi huweka ya silikoni kwa poli. Halafu ukiwa hapo chini, pitia bolti zote za mikono na panadi kwa spana. Baada ya safari ya kwanza huwa zinakubali kukazwa kidogo. Gari liwe chini.

VumbiLaNaabi

Naingia chini kesho asubuhi kabla jua halijapanda. Chaki bado ninayo.